Nguo rasmi za harusi kwenye fukuto: sufu au kitani, satini au krepu?

Joto kavu na fukuto si kitu kimoja, na nguo inayokusitiri vizuri kwenye joto kavu inaweza kukuumbua kwenye fukuto. Ushauri mwingi wa mavazi ya harusi hauvitenganishi. Unaambiwa vaa pamba, vaa rangi nyeupe, umemaliza. Mtu anafuata, anashona suti nyeupe ya pamba nzito yenye bitana ya poliesta, na kabla maharusi hawajaingia mgongo wake umeshalowa chapachapa.

Jasho linapoza mwili pale linapokauka. Kila gramu inayogeuka mvuke juu ya ngozi huondoka na joto la takriban kilojuli 2.4, ilhali lile linalotiririka hadi kiunoni linakulowesha bure. Sasa chukua siku mbili zenye nyuzi 30. Siku ya kwanza unyevu wa hewa ni asilimia 30, ya pili ni asilimia 80. Ukipiga hesabu kwa ngozi yenye nyuzi 35, nguvu inayolivuta jasho likauke siku ya pili ni karibu nusu tu ya ile ya siku ya kwanza, na kipimajoto kinasoma namba ileile. Hewa iliyotuama kati ya ngozi na nguo hujaa mvuke upesi, na ikishajaa hakuna kinachokauka mpaka itoke na nyingine iingie.

Kwa hiyo nimelinganisha nguo kwa swali moja: hewa inaingilia wapi na kutokea wapi? Jina la kitambaa linakuja baadaye. Kuna jaribio la dukani ambalo halihitaji utaalamu. Shika kitambaa kikiwa tabaka moja, kibane mdomoni, puliza. Kama pumzi inatokea upande wa pili bila kulazimisha, una pa kuanzia. Kama mashavu yanavimba, rudisha, hata kama lebo imeandika pamba tupu.

Sufu nyepesi na kitani

Huu ndio mjadala mkubwa kwa anayevaa suti, na wengi huufunga mapema kwa sababu wakisikia sufu wanawaza sweta. Sufu ya suti za nchi za joto ni kitu kingine kabisa. Uzi wake umesokotwa kwa nguvu, kisha umefumwa wazi, mmoja juu mmoja chini, na ukiinua kitambaa mbele ya dirisha unaona vitundu vidogo vya mwanga. Uzi uliosokotwa hivyo hauna manyoya ya kuziba vitundu hivyo. Tena una tabia ya kujirudi: unakaa saa mbili kwenye gari, unashuka, unatundika koti dakika chache, na mikunjo mingi inaondoka bila pasi. Ukiushika mkononi ni mkavu, una ugumu kidogo, hauna ule ulaini wa kuteleza ambao wauzaji hupenda kuusifia.

Kitani kina sifa zake za kweli. Ni kigumu, kwa hiyo husimama mbali na ngozi badala ya kuilalia. Hufyonza jasho haraka na kuliachia haraka. Kwenye upepo hakuna suti inayoburudisha kuliko ya kitani isiyo na bitana. Ila uzi wa kitani hauvutiki, na usiovutika haurudi ulipotoka. Mikunjo itaanzia nyuma ya magoti, ihamie kwenye viwiko, na ukiinuka baada ya hotuba za wazee sehemu ya kiunoni itakuwa na mistari kama ramani. Kwenye harusi ya mchana bustanini au ufukweni hakuna atakayejali, na wapo wanaoona ndio uzuri wake wenyewe. Ukumbini usiku, umesimama pembeni ya mtu aliyevaa suti nyeusi iliyonyooka, utaonekana umelala na nguo.

Jambo ambalo wanunuzi wa kitani hukosea ni kutafuta kile chepesi kabisa. Kitani chepesi hukunjika mikunjo midogo mingi isiyo na mpango. Kilicho kizito kiasi hukunjika mikunjo michache mipana, na koti linabaki na umbo. Mchanganyiko wa kitani na sufu, au kitani, sufu na hariri, ni njia ya katikati nzuri sana: unabaki na sura ya kitani na sehemu kubwa ya mikunjo inapungua.

Kama unashona suti moja tu ya kuendea harusi zote, za mchana na za usiku, za nje na za ndani, chaguo langu ni sufu ya msokoto mkali, na sisiti. Kitani kiwe suti ya pili.

| Kitambaa | Unyevu kinaoubeba, kwa asilimia ya uzito wake | Mikunjo | Pa kukitumia |
|---|---|---|---|
| Sufu ya msokoto mkali | 16 | hujinyoosha | popote, hasa jioni |
| Viskosi (uzi unaotengenezwa kwa massa ya miti) | 13 | wastani | magauni, bitana |
| Kitani | 12 | mingi | mchana, nje |
| Hariri | 11 | wastani | magauni, lakini jasho huacha alama |
| Pamba | 8 | wastani hadi mingi | mashati, shimizi |
| Nailoni | 4 | kidogo | kidogo iwezekanavyo |
| Poliesta | 0.4 | karibu hakuna | tazama hapa chini |

Tarakimu hizo ni za takriban, kwa kipimo cha kawaida cha maabara: nyuzi 20 na unyevu wa hewa asilimia 65. Zinaeleza kwa nini sufu haikuachi na hisia ya ubichi. Inaficha mvuke ndani ya uzi wenyewe wakati uso wake ungali mkavu. Poliesta haina pa kuuficha, hivyo jasho linabaki juu ya ngozi au linatambaa juu ya uzi.

Hata hivyo jedwali hili lisikufanye uikatae kila suti yenye poliesta ndani yake. Sufu yenye poliesta asilimia 20 hivi, iliyofumwa wazi, itakuvumilia vizuri kuliko pamba tupu iliyofumwa nene kama ya suruali za kazi. Pamba ya namna hiyo ndiyo naiweka mwisho kwa suti: ikilowa inalegea, inakaa na maji muda mrefu, na magoti ya suruali yanatuna. Isipokuwa aina moja, ile pamba nyepesi ambayo nyuzi zake zimekazwa na kulegezwa kwa zamu wakati wa kufuma mpaka uso ukawa na mawimbi ya makusudi. Mawimbi yale hugusa ngozi sehemu chache tu, hewa inazunguka katikati, na pasi haihitajiki kwani tayari imejikunja. Bahati mbaya ni nguo ya mchana. Kwa sherehe ya usiku inaonekana ya mapumziko mno.

Kuhusu uzito: sufu nyepesi kwa kawaida ina gramu 220 hadi 270 kwa mita moja ya urefu, jora likiwa na upana wa sentimita 150. Wengine huandika kwa mita ya mraba, na hapo lazima uzidishe kwa 1.5 ndipo ulinganishe. Lakini usiuabudu uzito. Kitambaa cha gramu 300 kilichofumwa wazi kinaweza kukupoza kuliko cha gramu 230 kilichobanwa. Na zile namba za Super zilizoshonwa ndani ya koti hazihusiani na ubaridi wa suti. Super 100 ina maana unyoya wa sufu hauzidi mikromita 18.75 kwa unene, na Super 150 hauzidi 16.25. Unyoya mwembamba hivyo ni laini na wa kifahari, ila hukunjika na kuchakaa upesi zaidi. Kwenye fukuto namba ya chini ina faida.

Geuza koti ndani nje

Tofauti kubwa kuliko zote iko ndani, na dukani haionekani koti likiwa limetundikwa. Lichukue, ligeuze. Koti la kawaida limefunikwa lote kwa bitana inayong'aa, kuanzia kola hadi pindo, na mara nyingi bitana hiyo ni poliesta. Maana yake umenunua sufu ya kupitisha hewa kisha ukavaa mfuko wa plastiki ndani yake. Koti la nusu bitana lina kitambaa hicho mabegani na mikononi tu, na labda vipande viwili vya mbele. Mgongo uko wazi, unaona upande wa ndani wa sufu yenyewe, na kingo za mishono zimefungwa kwa utepe mwembamba.

Ukilinganisha suti ya kitani yenye bitana nzima na ya sufu yenye nusu bitana, ile ya sufu ndiyo itakayokupa raha. Ndiyo sababu naweka bitana juu ya kitambaa katika uamuzi.

Mikono iache na bitana. Mkono wa shati uliolowa hukwama kwenye sufu tupu, na kuvaa koti mbele za watu huku unahangaika na kiwiko si jambo zuri. Ila omba bitana ya viskosi au kupro, ambayo hutengenezwa kwa nyuzi fupi zinazobaki kwenye mbegu za pamba. Zote mbili huteleza vizuri na kufyonza unyevu.

Je, koti ulilo nalo linaweza kupunguzwa bitana? Mara nyingi ndiyo. Fundi anaifungua mgongoni, anaacha kipande cha juu cha kushika mabega, anafunga kingo za mishono. Kazi ni ya kushona taratibu kwa sababu kilichokuwa kimefichwa sasa kinaonekana, kwa hiyo usimpelekee siku mbili kabla ya harusi. Kitu kimoja ambacho hakitengenezeki ni kifua kilichobandikwa kwa gundi. Makoti mengi ya dukani yana kitambaa kigumu kilichogandishwa mbele yote kwa joto, na gundi ile inaziba hewa kuanzia begani hadi tumboni. Bana kitambaa cha mbele kwa vidole karibu na kifungo cha chini, uvute pande mbili. Ukihisi tabaka la tatu linaelea katikati, koti limeshonwa. Ukihisi kitu kimoja kigumu, limebandikwa. Pedi za mabega nazo zikiwa nene hubeba jasho siku nzima, kwa hiyo chagua nyembamba.

Kubana au kupwaya

Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Shkolnik, Taylor, Finch na Borut kuhusu majoho ya Wabedui jangwani. Walitaka kujua kwa nini watu wa jua kali wavae nyeusi. Walikuta joho jeusi linanyonya joto zaidi kweli, lakini kiasi cha joto kinachofika kwenye ngozi ni kilekile kwa jeusi na jeupe. Joto la ziada linapotelea kwenye hewa iliyo chini ya nguo iliyopwaya. Jangwa ni kavu, na kwenye fukuto jasho halikauki kwa wepesi ule, ila somo la nafasi linabaki: hewa inayosukumwa na mwendo wako ndiyo feni yako.

Suti za kubana zimeua feni hiyo. Koti likishika mgongo na suruali ikishika mapaja, hakuna kinachosukumwa. Mwambie fundi aongeze nafasi kidogo sehemu tatu: mgongoni katikati ya mabega, mapajani, na kwenye shimo la mkono. Usiongeze mabegani kwenyewe, koti litaonekana la kuazima. Suruali yenye marinda mawili mbele, ambayo miaka kadhaa ilichekwa, ni rafiki mkubwa hapa. Mpasuo wa nyuma wa koti uwe mmoja au miwili, usikubali koti lisilo na mpasuo. Koti la safu mbili za vifungo linapendeza, lakini limelaza matabaka mawili juu ya tumbo na halipendezi likiwa wazi, kwa hiyo nalikataa.

Shati, na ile hoja ya fulana

Shati la pamba la popilini ni salama, jembamba na lililonyooka. La oksfodi ni nene zaidi kuliko linavyoonekana, liache. Aliye tayari kutafuta atafute voili, pamba ya nyuzi za msokoto mkali iliyofumwa wazi, ambayo kwa shati ni kile ambacho sufu nyepesi ni kwa suti. Voili inaonyesha mwili, hivyo inataka koti juu yake muda wote au fulana chini yake.

Na fulana? Hapa watu wamegawanyika. Wanaoipinga wanasema ni tabaka la ziada, na hawajakosea. Wanaoitetea wanasema inanyonya jasho la kwapa na mgongo kabla halijafika kwenye shati, nao hawajakosea. Mimi naangalia koti. Ukijua utalivua wakati wa dansi, vaa fulana nyembamba yenye mikono mifupi, rangi ya kukaribiana na ngozi yako, kwani nyeupe huonekana chini ya shati jeupe. Kama koti halitatoka mwilini, fulana ni mzigo.

Kitu chenye thamani kuliko mjadala wote huo ni shati la pili, limekunjwa kwenye begi. Badilisha kati ya ibada na sherehe. Hasa kama sherehe iko kwenye ukumbi wenye kiyoyozi kikali, ambako shati lililolowa hugeuka barafu mgongoni. Dawa ya kuzuia jasho yenye chumvi za alumini ipakwe usiku wa kuamkia harusi, ngozi ikiwa kavu. Tezi za jasho zikiwa zimetulia usiku, chumvi hizo hupata muda wa kuziba. Ukiipaka asubuhi tayari unatoka jasho, nyingi inaoshwa.

Rangi

Juani, rangi nyepesi husaidia. Kivulini au usiku, tofauti ni ndogo mno kukunyima usingizi. Kinachobaki ni alama za jasho, na hapa mpangilio unashangaza: kijivu cha kati na bluu ya anga ndizo zinazosaliti zaidi, kwa kuwa kitambaa kikilowa huwa cheusi zaidi na rangi za katikati zina nafasi ya kubadilika. Shati jeupe halionyeshi doa jeusi, ingawa likilowa sana linaonyesha mwili. Bluu iliyokolea karibu na nyeusi inaficha karibu kila kitu. Kwa koti la mchana napenda kahawia hafifu, kwa usiku bluu iliyokolea. Nyeupe na krimu waachie maharusi, isipokuwa kadi imeomba.

Magauni: satini, krepu, shifoni, lesi

Anayevaa gauni ana uhuru ambao mwenye suti hana, na pia ana mitego mingi zaidi. Mtego wa kwanza ni satini. Neno hilo kwenye lebo linaeleza namna kitambaa kilivyofumwa, halisemi kimefumwa kwa uzi gani. Kuna satini ya hariri, ya viskosi, na nyingi iliyopo madukani ni ya poliesta. Nyuzi zake zimelazwa ndefu juu ya uso na kusongamana, ndiyo maana inang'aa, na ndiyo maana inalala bapa juu ya ngozi na kuganda. Tone moja la maji linaonekana kutoka mbali. Satini ya hariri haina joto la poliesta, lakini jasho huiachia mstari usiotoka. Picha zake ni nzuri, sikatai. Kwa sherehe ya saa moja ndani ya ukumbi uliopoa, vaa. Kwa siku nzima ya fukuto, hapana.

Krepu ni mshindani wake wa kweli, na kwangu inashinda. Nyuzi zake zimesokotwa kupita kiasi mpaka zikajikunja, uso ukawa na chembechembe. Haing'ai, inaanguka vizuri, inagusa ngozi kwa ncha ndogondogo, na unyevu kidogo haujulikani. Krepu ya viskosi, au ya sufu nyembamba ukiipata, inaonekana rasmi kuliko satini machoni pa watu wengi wazima. Tahadhari ya viskosi ni kwamba ikilowa hudhoofika na inaweza kurudi urefu, kwa hiyo usiifue kwa papara siku ya kuamkia harusi.

Shifoni na lesi zinadanganya kwa njia ileile. Ukizitazama unaona vitundu, unasema hewa itapita. Lakini zote mbili huvaliwa juu ya kitambaa kingine, na hicho ndicho unachokivaa kweli. Gauni la lesi ya pamba juu ya bitana ya poliesta iliyobana ni gauni la poliesta. Liinue pindo dukani, shika kile cha ndani, kipulize. Ukishonesha, mwambie fundi bitana iwe ya pamba nyepesi ya voili au viskosi, na ikomee kifuani hadi mapajani, mikono na sehemu ya juu ya mgongo zibaki lesi tupu. Hapo ndipo lesi inakuwa na maana.

Umbo nalo lina sauti kubwa. Gauni la kubana kuanzia kifua hadi magoti limefunga kila mlango. Lililoshika kiunoni kisha likafunguka lina feni yake, na gagulo jepesi la pamba ngumu chini yake, ambalo wengi hulivua wakidhani ni joto, kwa kweli husukuma sketi mbali na miguu. Kifua chenye vijiti vya kusimamisha ni habari nyingine. Hesabu matabaka: kitambaa cha juu, kile cha kukaza, vikombe, bitana, na labda sidiria. Kama lazima kiwepo, omba mgongo uwe wa tabaka moja au mbili, au uwe wazi kiasi kinachoruhusiwa mahali pa ibada, ukiwa na mtandio wa kujifunika unapohitajika.

Mikono: watu hudhani kutokuwa na mikono ndiko kupoa. Kwa kwapa, ndiyo. Juani, mkono mpana wa shifoni tabaka moja, usiokaza popote, unakinga ngozi na bado unapepea. Mkono mfupi unaobana kwapani ndio mbaya kuliko yote, na ndio unaoshonwa zaidi.

Nguo ya ndani ya kubana tumbo ni nailoni na elastini, na inafunika sehemu ileile inayotoka jasho jingi. Ningechagua gauni lisiloihitaji. Kaptula fupi nyepesi ya kuzuia mapaja yasisuguane, hiyo vaa bila kuona haya. Jampsuti ya miguu mipana inapendeza na inapitisha hewa, ila fikiria chooni, umelowa jasho, zipu iko mgongoni.

Kipi kivuliwe kwanza

Mwenye suti akizidiwa, kizibao ndicho cha kuachwa nyumbani. Ni tabaka kamili juu ya kifua, na mgongo wake karibu daima ni bitana tupu. Tai naitetea: inachukua nafasi ndogo, na shati lililofungwa vizuri kwa tai linaonekana rasmi hata koti likiwa kitini. Shida ya shingoni hutoka kwenye kola iliyobana, si kwenye tai. Vidole viwili vipite. Tai ya kipepeo inaacha kifua wazi zaidi, na kwa mwaliko wa usiku unaotaka tuksedo, ile suti rasmi ya jioni ya kuvaliwa na tai ya kipepeo, koti la rangi ya pembe ya ndovu juu ya suruali nyeusi linakubalika kwenye nchi za joto tangu miaka ya 1930. Hata hivyo uliza kwanza kama bwana harusi hajachagua lilelile.

Viatu havina mengi. Ngozi yenye bitana ya ngozi ni bora kuliko ya kuigiza, soksi nyembamba za sufu au pamba ni bora kuliko miguu mitupu ndani ya kiatu kilichofungwa. Kwenye nyasi au mchanga kisigino chembamba kitazama, chagua kipana. Nunua viatu vya wanawake jioni, au wakati wa joto, miguu ikiwa imevimba, vinginevyo vitakubana saa ya nne ya sherehe.

Kisha jaribu vyote pamoja kabla ya siku yenyewe. Mchana, chumba kimefungwa, feni imezimwa, vaa kila kitu hadi nguo ya ndani na viatu. Kaa robo saa, inuka, inua mikono, cheza kidogo, kaa tena. Baada ya nusu saa vua na uangalie nguo kwa upande wa ndani. Palipolowa zaidi ndipo pa kumwonyesha fundi, na bado ana muda wa kuparekebisha.